Masharti ya Mlonge

Nchi yenyewe sitaitaja jina, maana haijanikosea kitu. Ni nchi nzuri tu, ina milima, ina mito, ina mawaziri hamsini na wawili, na katika nchi hiyo palikuwa na mama mmoja akiitwa Sikudhani binti Makame, mpika chai wa Wizara ya Afya.

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Sikudhani alipika chai kwenye jiko la mkaa nyuma ya masijala. Chai yake ilisifika hata wizara nyingine zikawa zinaandika barua za kikazi zisizo na maana yoyote, ili mkurugenzi apate sababu ya kuzileta mwenyewe kwa mkono, saa nne kamili. Alitwanga tangawizi, akakata mchaichai alioupanda kando ya bomba, akatia kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu tatu, basi. Akiulizwa siri yake alijibu, "Siri gani? Maji yachemke, na mtu asiwe na haraka."

Ikatokea Mtukufu Kiongozi, Nguzo ya Nchi na Mjomba wa Mataifa Jirani, akashikwa na mafua. Sasa, katika nchi ile Kiongozi haugui. Kwa hiyo redio ilitangaza kwamba Mtukufu ameamua kuipumzisha pua yake kwa manufaa ya wananchi. Pua ikapumzika siku sita bila nafuu. Siku ya saba ikaamuliwa apelekwe ng'ambo, na akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege akapitia Wizara ya Afya kuaga, kama ilivyo ada ya viongozi wote wa nchi ile wanapokwenda kutibiwa nje.

Waziri wa Afya, Mheshimiwa Dakta Sifaeli Bwenzi, alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa kumi na nane. Alipofika ukurasa wa pili Mtukufu akapiga chafya. Ukumbi ukataharuki, kwa kuwa itifaki haikueleza kama chafya ya Kiongozi inapigiwa makofi au inasimamiwa. Nusu wakapiga makofi, nusu wakasimama, na mmoja akaimba wimbo wa taifa.

"Leteni chai!" Waziri akapiga kelele.

Bi Sikudhani akaleta. Mtukufu akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Jasho likamtoka, pua ikazibuka, akavuta pumzi ndefu.

"Nasikia harufu," alisema kwa mshangao. "Nasikia harufu ya zulia hili. Linanuka vumbi!"

Watu wakalia kwa furaha.

"Mama, umenipa dawa gani?"

"Tangawizi tu, Baba, na mchaichai. Kwani mafua yenyewe yalikushika lini?"

"Leo siku ya saba."

"Basi yalikuwa yanaaga. Mafua ni mgeni wa wiki moja, Baba. Huyu hata usipompa jembe, anaondoka mwenyewe. Chai inakutuliza koo tu wakati anafunga mzigo."

Waziri Bwenzi, aliyekuwa akinukuu kila neno, aliandika katika daftari lake: *Tabibu ameonyesha unyenyekevu mkubwa.*

*

Kesho yake Bi Sikudhani aliteuliwa kuwa Tabibu Mkuu wa Taifa. Alisikia habari hiyo redioni, akiwa anaosha vikombe, akamhurumia huyo mtu aliyeteuliwa, mpaka jina liliporudiwa mara ya pili.

Mchana Waziri alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi tumemeza vidonge. Kidonge ni nini? Ni kitu cheupe! Nani aliwaambia kitu cheupe kinalijua tumbo lenu? Kuanzia leo hospitali zetu zitatumia tangawizi, mchaichai, kitunguu saumu na mlonge. Ugonjwa wowote utakaokataa kupona kwa tangawizi utahesabiwa kuwa ugonjwa wa kigeni, na utatakiwa kuondoka nchini ndani ya saa ishirini na nne!"

Mambo yakaenda mbio. Tangawizi ikawa nyara ya serikali, na raia hakuruhusiwa kutwanga zaidi ya kipande kimoja bila kibali. Kitunguu saumu kikawekwa chini ya Idara ya Usalama, kwa hoja kwamba kila anayekutana nacho hujulikana. Mwenye kikohozi alitakiwa kujaza fomu nakala tatu, aeleze alianza lini kukohoa, kwa sababu gani, na kama ana mpango wa kuendelea. Shamba lililochaguliwa kuilisha nchi nzima tangawizi likaonekana kuwa la shemeji yake Waziri. Jambo hilo lilimshangaza kila mtu, na Waziri mwenyewe alishangaa kuliko wote.

Viongozi, kwa upendo wao, walikubali kuendelea kuvumilia vidonge ili tangawizi yote iwafikie wananchi. Dawa za hospitali zote zikakusanywa, zikafungiwa katika bohari moja yenye kibao: MZIGO WA VIONGOZI.

Naye Bi Sikudhani akapandishwa ghorofa ya sita. Alipewa ofisi yenye meza pana kama kitanda cha harusi na kiyoyozi kilichovuma mpaka akaanza kupiga chafya yeye. Jiko lake la mkaa likapelekwa makumbusho. Chai yake ya saa nne sasa ilipikwa na Kamati, na ile ya Jumatatu ilimfikia Alhamisi.

"Mheshimiwa," alimuuliza Waziri, "mimi hapa nafanya kazi gani?"

"Usifanye chochote, Bi Tabibu. Wewe ni ishara."

"Ishara ya nini?"

"Hilo linashughulikiwa."

*

Mtu wa kwanza kuja kumwona alikuwa Asteria, muuza vitumbua wa langoni pa wizara, ambaye walijuana naye miaka mingi. Alipanda ngazi za ghorofa sita kwa miguu, lifti ikiwa ya viongozi, na mgongoni alikuwa amembeba binti yake Tunu, wa miezi kumi na minne. Alipoingia hakusalimia.

"Mama, nimempa siku tatu, kama ulivyoandika. Hashuki."

"Kama nilivyoandika mimi?"

Asteria akafungua kiganja. Mlikuwa na kitita cha mchaichai kilichofungwa kwa uzi, na karatasi yenye muhuri. *Homa: mchaichai, kikombe kimoja kutwa mara tatu. Kwa amri ya Tabibu Mkuu.* Chini palikuwa na sahihi ambayo Bi Sikudhani hakuwahi kuiona, na picha yake mwenyewe, amevalishwa miwani asiyokuwa nayo.

Akaweka mgongo wa mkono wake shingoni mwa mtoto. Akauondoa upesi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshika masufuria ya moto bila kitambaa, lakini moto huu ulimfika hadi moyoni. Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Asteria, mwanangu, mchaichai ni wa kuteremshia vitumbua vyako. Homa hii ya siku tatu si ya chai. Twende hospitali."

"Nimetoka huko, Mama. Ndiko nilikopewa."

"Twende tena."

Hospitali ya wilaya ilikuwa inanukia vizuri ajabu, kama pilau la Idi. Kwenye dirisha la dawa magunia ya tangawizi yalifika darini. Maabarani, wataalamu watatu waliosomea damu ya binadamu walikuwa wamekaa mkekani wakimenya vitunguu saumu, na hadubini ilikuwa chini, imezuia mlango usijifunge. Na ukutani, kila baada ya hatua tano, Bi Sikudhani alikutana na bango la Bi Sikudhani, anacheka, na miwani yake.

Daktari wa watoto, Hiyari Nsolo, mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Karibu, Tabibu Mkuu. Umekuja kukagua tangawizi?"

"Nimekuja na mtoto anaungua, mwanangu. Mengine utanitukana baadaye."

Daktari akamtazama mara ya pili. Kisha akamchukua Tunu, akafunga mlango, akainyanyua hadubini kutoka sakafuni, akamchoma mtoto kidole. Hakukawia kuona alichokuwa akikitafuta. Akapanda kiti, akateremsha kopo lililoandikwa ILIKI.

"Hiyo si iliki," Bi Sikudhani alisema, alipoona vidonge.

"Ningeliandika jina la haki lingekwenda bohari na mengine."

Alivipima vidonge, akavisaga kwenye kijiko, akamnywesha mtoto taratibu. Halafu akatikisa kopo karibu na sikio lake.

"Zimebaki dozi za watoto wawili."

"Na wa tatu akija?"

Daktari Hiyari aligeuza uso akalitazama bango ukutani.

*

Keshokutwa yake Tunu alitaka kitumbua, akakila, akataka kingine. Asteria alilia kwa furaha, na Bi Sikudhani akaenda moja kwa moja kwa Waziri.

"Mheshimiwa, tangawizi haitibu malaria. Rudisha dawa."

Waziri akafunga madirisha. "Bi Tabibu, shusha sauti. Ukisema tangawizi haitibu, maana yake Mtukufu hakupona."

"Alipona mafua!"

"Mtukufu haugui magonjwa madogo madogo."

"Basi naacha kazi. Nirudishieni jiko langu."

"Ishara haiachi kazi," Waziri alisema kwa upole. "Umewahi kusikia bendera imejiuzulu?"

Bi Sikudhani akatoka pale amenyong'onyea. Lakini Mungu si Sifaeli Bwenzi. Ijumaa ya wiki hiyo goti la kulia la Mtukufu lilivimba. Redio ilitangaza kwamba goti hilo limekua kwa kasi kuliko magoti yote ya kanda hii, na Tabibu Mkuu akaitwa Kasrini.

Mtukufu alikuwa kitini, mguu juu ya mto wa hariri. Waziri alisimama nyuma yake.

"Mama yangu! Nitibu."

"Baba, nenda hospitali ukapimwe," alisema Bi Sikudhani.

Mtukufu akacheka mpaka goti likamuuma. "Hospitali gani tena? Si wewe uliyetutoa huko?"

Nyuma ya kiti Waziri alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemkataza mtoto kugusa kisu. Hapo Bi Sikudhani akaelewa kwamba ukweli, ukija peke yake, haupiti mlango wa nyumba ile. Katika maisha yake alikuwa amedanganya mara moja tu kazini, kuhusu sukari, na ilimchukua mwezi kusahau. Akamkumbuka daktari akitikisa kopo. Akavuta pumzi.

"Dawa ipo, Baba. Ni mlonge. Lakini ina masharti."

Mtukufu akainama mbele, macho yakang'aa. Kama kila mtu wa nchi ile, hakuwa na imani na dawa isiyo na masharti.

"Yataje."

"La kwanza, mlonge wa goti haunywewi nyumbani. Unanywewa hospitali ya wilaya, kwenye benchi, katikati ya wagonjwa. La pili, unachukua namba na kungoja kama wengine. Ukiruka foleni hata mtu mmoja, uvimbe unahamia goti la pili."

"Eeh!" Mtukufu akalishika goti la pili.

"La tatu, kabla hujanywa, daktari wa pale akupime na umfuate atakalokwambia. Mikono ya daktari ndiyo inayoufungua mlonge."

Waziri akakohoa kwa nguvu.

"Sifaeli ana kikohozi," alisema Mtukufu bila kugeuka. "Ajaze fomu. Lini, Mama?"

"Jumanne."

*

Siku nne zile hospitali ilipakwa rangi mpaka mbuzi aliyekuwa amelala ukutani aliamka na ubavu mmoja mweupe. Malori mawili ya dawa yakatoka bohari ya viongozi, rafu zikajazwa, magunia ya tangawizi yakafichwa chumba cha maiti. Wataalamu wa damu wakanawa mikono mara saba, wakarudishiwa hadubini yao.

Likabaki tatizo la wagonjwa. Waziri aliogopa wangeongea kama wagonjwa. Akaamuru wasukumwe nyuma ya uzio, na mabenchi yakaliwe na wakurugenzi wa wizara, kila mmoja na ugonjwa wake. Kamati ya Ugawaji wa Magonjwa ilikutana, na papo hapo pakazuka ugomvi, kwa kuwa Mkurugenzi wa Itifaki alipangiwa kuharisha.

"Mimi ni ngazi ya nane!" alifoka. "Siwezi kuharisha mbele ya watu wa ngazi ya tatu. Nipeni presha."

"Presha zimekwisha, mzee. Zimechukuliwa na makatibu."

Ilibidi aundiwe ugonjwa mpya, kizunguzungu cha heshima.

Jumanne Mtukufu akaja, akapewa namba sitini na tatu, akakaa benchini. Bi Sikudhani alipoona wale walioketi, wote wamevaa suti na viatu vya kung'aa, moyo ulimwanguka. Akamnong'oneza Daktari Hiyari mlangoni. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Akatoka na sindano ndefu, akaita kwa sauti:

"Kizunguzungu cha heshima! Ingia tuanze. Ni sindano nane, moja kwa kila ngazi."

Mkurugenzi wa Itifaki akainuka, akatazama sindano, akasema anajisikia nafuu. Akatoka kwa dirisha. Wa pili hakungoja kuitwa. Ndani ya nusu saa makatibu wote wa presha walikuwa barabarani wanakimbia, tai zinapepea mabegani.

"Mashaallah!" alisema Mtukufu, akiwatazama. "Hospitali hii inaponya upesi!"

Mabenchi yalipobaki wazi, mlinzi wa uzio hakujua la kufanya, maana sharti lilitaka foleni. Akafungua. Wakaingia wagonjwa wenyewe, wakashika namba zilizoachwa: wazee wenye mikongojo, wajawazito, mama na watoto wao. Asteria, aliyekuja kumrudisha Tunu kupimwa tena, akajikuta amekaa bega kwa bega na Nguzo ya Nchi.

Saa ya pili ya kungoja Tunu akaikamata nishani iliyokuwa kifuani mwa Mtukufu, akaitia mdomoni.

"Mtoto ana nini?" Mtukufu akauliza.

"Alikuwa na malaria, Baba."

"Ulimpa tangawizi?"

Waziri alimkazia macho kutoka ng'ambo ya chumba. Asteria akamgeukia Mtukufu.

"Nilimpa mchaichai siku tatu, kama tulivyoamriwa. Akawa anakwenda. Tukapata vidonge, akarudi."

"Akarudi kutoka wapi?"

"Kule wanakokwenda, Baba," alisema Asteria. "Wa jirani yangu hakurudi."

Mtukufu aliitazama nishani yake ikitafunwa, na hakuivuta.

Saa nane mchana ikafika zamu yake. Daktari Hiyari akalishika goti, akamuuliza maswali, akampima damu, akakunja uso.

"Baba, goti lako lina nyama choma."

"Lina nini?"

"Nyama kila siku, na kinywaji kila siku. Punguza. Na umeze vidonge hivi wiki nzima."

"Na mlonge?"

"Mlonge kula. Mboga nzuri sana ile, na nazi."

*

Mtukufu akatoka nje anachechemea, lakini uso umechangamka, kama mtu aliyefanya kazi ngumu akaimaliza. Bi Sikudhani alimsindikiza hadi kwenye gari. Hapo akasikia ngurumo ubavuni mwa jengo. Malori mawili yalikuwa yameegeshwa kinyumenyume kwenye mlango wa stoo, injini zinawaka, na wapagazi walikuwa wakitoa makasha ya dawa na kuyarudisha ndani ya malori, haraka haraka, Waziri akiwapungia mkono waongeze mwendo. Mlangoni Daktari Hiyari alisimama amejishika kiuno.

"Mama," alisema Mtukufu, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, "dozi ndiyo imekwisha?"

Bi Sikudhani akayatazama malori.

"Bado, Baba. Mlonge ni kila mwezi."

"Kila mwezi! Siku gani?"

"Siku yenyewe haitajwi. Wewe utaamka tu asubuhi moja, utasikia moyo unakwambia leo, utakuja. Ukiitangaza, dawa inakufa. Hata Waziri asiijue."

"Asiijue kabisa?"

"Asiijue kabisa. Yeye hasa."

Mtukufu akaitikia kwa kichwa, kwa uzito mkubwa, na gari likaondoka.

Waziri Bwenzi alisimama katikati ya uwanja, mkono ungali hewani. Alilitazama gari, akamtazama Bi Sikudhani, akayatazama malori. Mkono ukashuka wenyewe. Injini zikazimwa, ya kwanza, kisha ya pili, na wapagazi, bila kuambiwa, wakaanza kushusha makasha.

Mtukufu hakurudi tena hospitali ile. Alipunguza nyama, goti likanywea, na mambo ya nchi yakamsahaulisha. Lakini nani angethubutu kuamini kwamba hatakuja kesho? Kila alfajiri Waziri alikuwa wa kwanza kufika, anahesabu vidonge rafuni, anajaribu mabenchi kwa makalio yake, anamuuliza daktari kama amekunywa chai. Rafu ikipungua, lori linatoka bohari kabla ya saa tatu. Wataalamu wa damu wakawa wanapima damu. Watoto wakaja na homa, wakarudi nyumbani.

Habari zikaenea. Baada ya miezi miwili Bi Sikudhani alipokea barua arobaini na tatu, moja kutoka kila wilaya iliyobaki, zote zenye ombi moja: tunaomba kwa heshima na taadhima nasi tuwekwe kwenye masharti.

Alizipanga juu ya meza yake pana, akavuta karatasi safi. Magoti ya Mtukufu yalikuwa mawili, na moja lilikwisha tumika. Akaandika goti la kushoto, akalipeleka wilaya ya milimani. Halafu akaendelea kuandika, taratibu, bila haraka: bega la kulia, bega la kushoto, kiuno, kisigino, jino la mwisho upande wa kushoto.